Saburi bin Nani?

Jumamosi iliyopita tulimsomea hitma mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Nasema tulimsomea kwa sababu na mimi nilikuwapo, tena nimekaa karibu na sinia la pilau. Shehe alipofika kwenye orodha ya marehemu wa ukoo akataja, "…na Saburi," sote tukaitikia amina. Mzee mmoja kuliani kwangu akatikisa kichwa kwa majonzi, akaninong'oneza kwamba huyo Saburi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole sana.

Siri imemwagika jana jioni kijiweni kwetu, Ngamiani, Tanga, pale kwenye kona ya kahawa. Fundi cherehani alikuja na kitabu mkononi, kakishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. Hakutoa salamu. Alisonya msonyo mrefu, ule unaoanzia kwenye magego, hata muuza kahawa akasahau kugonga vikombe vyake.

"Ala! Fundi, kuna nini?"

"Nimeibiwa," akasema. "Nimeibiwa babu zangu."

Kitabu chenyewe tulikuwa tunakijua. Jalada la kung'aa, picha ya bibi aliyejitanda kanga, na juu yake maandishi ya dhahabu: shajara ya ukoo wao. Mtunzi, kwa mujibu wa jalada, ni mtoto wa kaka yake Fundi, kijana wa ofisini huko Dar es Salaam, ndiye aliyeigharamia ile hitma. Kilikuwa kinauzwa mlangoni, shilingi 15,000, na kwa kuwa mtu akishakula pilau ya watu anaona haya kutoka mikono mitupu, kiliuzika vizuri. Fundi siku ile alikuwa uani kwenye masufuria. Hakusikia majina yaliyosomwa, na kitabu hakukiona mpaka jana, mteja alipokuja nacho kibandani kupunguziwa suruali.

"Miaka saba," akasema Fundi. "Miaka saba nimetembea. Pangani nimekwenda, Muheza nimekwenda, Pemba nimevuka kwa jahazi nikitapika njia nzima. Kaunta buku nimejaza kwa mkono wangu. Huyu bwana Idi ya mwaka juzi akaniomba akasome. Nikamtolea fotokopi kwa hela yangu. Kumbe namkabidhi mwizi ufunguo!"

"Utajuaje kama kanakili kwako?" akauliza kijana wa bodaboda, ambaye hukaa juu ya pikipiki yake pembeni ya benchi ili asionekane kama mzee mwenzetu. "Huenda na yeye kauliza watu wake."

Fundi akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Watoto wa Babu Mkuu. Hapa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano: Saburi." Akafunga. "Kwenye daftari langu, mahali pa mtoto wa tano, niliandika 'saburi.' Yaani ngoja! Subiri! Usiendelee, kaulize kwanza! Lile halikuwa jina, lilikuwa agizo langu mimi kwangu mimi. Yeye kampigia chapa akawa mtu, kampa na alama ya kufariki!"

Nawaambia, benchi lilitikisika. Kijana wa bodaboda nusura aanguke. Mimi nikamkumbuka yule mzee wa kuliani na upole wa marehemu, pilau likanirudi kooni.

"Ngojeni, hamjasikia," akaendelea Fundi, sasa sauti imemkauka. "Kuna mtu wa Muheza kapiga simu leo asubuhi. Anasema yeye ni kitukuu cha Saburi. Anauliza habari za shamba la minazi."

"Ana ushahidi?"

"Anasema pua zinafanana."

Mnh! Dunia hii, ukikosea tahajia, kuna mtu atakuja kudai urithi.

*

Sasa kijiwe chetu kina mwalimu mstaafu. Kila kijiwe kinaye, lakini wa kwetu husoma kweli, na akitaka kusema jambo huweka kikombe chini kwanza. Jana alikiweka.

"Fundi," akasema, "kabla hujakwenda polisi, sikiliza kesi moja. Huko Marekani, jimbo la Kansas, kulikuwa na kampuni ndogo ya simu inaitwa Rural Telephone. Ilikuwa ikitoa kitabu cha majina na namba za wateja wake. Ikaja kampuni nyingine, Feist, ambayo kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu vya simu vya eneo kubwa zaidi. Feist wakaomba ruhusa ya kutumia majina yale. Rural wakakataa. Feist wakayabeba hivyo hivyo."

"Wezi kama wezi wengine," akasema Fundi.

"Subiri. Rural walikuwa wametega mtego. Kitabuni mwao walipachika majina ya watu wasiokuwapo. Kitabu cha Feist kilipotoka, maingizo 1,309 yalikuwa yale yale ya Rural, na manne kati yake ni ya watu hewa."

"Masaburi wanne!" akapiga kelele kijana wa bodaboda. "Kumbe hata Kansas kuna watumishi hewa!"

"Kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1991. Hukumu akaiandika Jaji Sandra Day O'Connor."

"Feist wakalipishwa," Fundi akamalizia, amejikunja tayari kwa ushindi.

"Feist wakashinda."

Kimya. Muuza kahawa akammiminia Fundi kikombe bila kuombwa.

Mwalimu akaeleza pole pole, kama anayefundisha kugawanya. Mahakama ilisema jasho peke yake halizai hakimiliki. Jina la mtu, mji anaokaa na namba yake ya simu ni ukweli, na ukweli hauna mtunzi. Mtu anaweza kuugundua, akausumbukia na kuutafuta kwa jahazi, lakini hakuutunga. Kinacholindwa ni kile ambacho mtu amekibuni: maneno yake, au namna yake ya kuchagua na kupanga. Na kuyapanga majina kwa kufuata alfabeti, wakasema, si ubunifu hata kidogo.

"Hiyo Marekani," akasema Fundi. "Hapa Tanga."

"Hapa kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na Zanzibar wana yao ya 2003. Hata ya kwetu hailindi habari tupu. Mkusanyiko wa habari unaweza kulindwa, lakini kwa sababu ya ubunifu wa kuchagua na kupanga. Sasa niambie, kwenye shajara, mpango wa nani kamzaa nani kaupanga nani?"

"Mwenyezi Mungu," sauti ikajibu kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa Mama Vitumbua, anayekaanga akiwa ametupa mgongo, masikio yote kwetu.

"Basi," akasema Mwalimu. "Majina ya babu zako ni huru, Fundi. Mtu yeyote anaweza kuyaandika, kuyachapa, kuyachonga kwenye mti. Tukihesabu kwa ukali, katika ule ukurasa kitu pekee ulichokitunga wewe mwenyewe ni Saburi."

Nikamwangalia Fundi, nikamwonea huruma. Miaka saba ya kutapika baharini, na sheria inamtambulia mtoto mmoja tu, asiyekuwapo.

*

Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza. Alikichukua kitabu, akaanza kukipekua huku miwani imemshukia puani. Alipofika ukurasa wa 12 akasimama. Akasoma kimya, akacheka, akasoma kwa sauti. Ni kisa cha Babu Mkuu kuvuka mto Pangani kwa mtumbwi na mbuzi watatu, na maneno yanasema mbuzi wa tatu "alikuwa na kiburi cha liwali, hakutaka kukaa chini mpaka apigiwe magoti."

"Haya maneno ya nani?"

"Yangu," akasema Fundi. "Babu Mkuu alivuka na mbuzi, hilo nimeambiwa. Hicho kiburi cha liwali nimekitia mimi, kwa raha zangu."

"Yeye kaandikaje?"

"Vivyo hivyo. Kuanzia mtumbwi mpaka magoti, kurasa nne nzima. Hata kosa langu la koma kalibeba."

Mwalimu akapiga paja. "Hapa sasa una kesi! Kuvuka mto ni historia, haina mwenyewe. Mbuzi watatu ni historia. Lakini kiburi cha liwali ni chako. Mtu mwingine anaweza kusimulia safari ile ile kwa maneno yake, kwa mbuzi wake mpole, na usimguse. Akichukua sentensi zako, amechukua shati ulilolishona wewe."

Hapo Fundi alielewa. Mambo ya shati hayahitaji mwanasheria. Pamba ni ya dunia nzima, lakini mshono una mkono wake, na fundi mwenzake akiuona anaujua.

Kijana wa bodaboda akataka kujua kama Fundi alisajili popote. Mwalimu akasema haki huzaliwa pale kalamu inapogusa karatasi, haisubiri mhuri. Kusajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ni kujiwekea ushahidi siku mkikorofishana. Na haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 juu yake, hapa na Kenya pia. Uingereza wanatoa 70.

"Miaka 50 baada ya kufa," Fundi akaguna. "Nitaila na nani huko?"

"Wataila watoto wako. Ndiyo maana hata barua za zamani zina mambo. Barua ya mzee aliyefariki mwaka 1990, karatasi yake inaweza kuwa sandukuni kwako, ukaifuta vumbi, ukaitia fremu. Lakini haki ya kuichapa ni ya warithi wake wote mpaka mwisho wa 2040. Aliyekufa 1960, yake imekwisha tangu 2010, ipo huru. Watu wanadhani ukishika karatasi umeshika na haki. Vinakaa nyumba mbili tofauti."

"Lakini Mwalimu," nikaingilia, maana na mimi nina mdomo, "si wanasema kuna matumizi ya haki? Mtu akitumia kidogo, kwa ajili ya elimu, hana kosa?"

"Yapo, na watu huyavaa kama kanzu ya kuazima, kila mtu anadhani yanamkaa. Sheria yetu inakuruhusu kunukuu kipande cha kazi iliyokwisha kutolewa, kwa kiasi cha haja yako, ukitaja chanzo na jina la mwenyewe. Kenya nao wana yao: utafiti, matumizi binafsi, uhakiki, habari za matukio, na chanzo kitajwe. Wamarekani ndio wana maswali manne. Umeitumia kwa madhumuni gani? Kazi yenyewe ni ya namna gani? Umechukua kiasi gani? Umemharibia mwenyewe soko kiasi gani? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba asilimia kumi ni halali, wala mistari mitatu, wala ukurasa mmoja. Hayo ni ya vijiweni."

Tukajikohoza.

"Sasa mpime kijana wa watu. Angechukua sentensi moja ya mbuzi, akaandika 'kama asemavyo baba yangu mdogo katika daftari lake,' nani angemsema? Yeye kachukua kurasa nne, jina hakutaja, akauza 15,000. Na daftari lenyewe lilikuwa halijatoka hadharani."

"Na mimi nikilipiga picha nikaliweka kwenye status, siuzi kitu?" akauliza wa bodaboda.

"Kutouza kunapunguza uzito, hakuoshi."

*

Mama Vitumbua alikuwa amekwisha kuepua kikaango. Akavuka barabara na sahani, akatugawia viwiliviwili vya kuonja, akakitwaa kitabu kwa mkono usio na mafuta.

"Na huyu bibi wa jaladani, picha yake kaitoa wapi?"

Fundi akasema ni picha ya studio, Unguja, na nyuma ina mhuri wa mpiga picha. Mwambao huu wote umejaa picha za namna hiyo. Mji Mkongwe peke yake, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa 1930, na familia zetu zilipita studio kama hizo kizazi baada ya kizazi, na kanga mpya, na saa ya kuazima mkononi. Mwalimu akasema hapo napo pana mushkeli. Kenya sheria yao ya 2001 inahesabu kwamba ukimwagiza mtu kazi, haki imehamia kwako, msipoafikiana vingine. Marekani, ukimlipa mpiga picha unapata picha, haki inabaki kwake. Kwa hiyo mwenye kutaka kuiweka jaladani na kuuza ageuze picha nyuma kwanza, asome mhuri, aulizie. Sana sana atapata mjukuu wa mpiga picha atakayefurahi kwamba bado kuna anayemkumbuka babu yake.

Mama Vitumbua alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa amefika kurasa za nyuma, zile za walio hai.

"Loh!" akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Loh, huyu mtoto hana mama?"

Akatuonyesha kwa kidole. Kila mtu wa ukoo aliye hai kawekwa pale: tarehe ya kuzaliwa, kaolewa na nani, kaachwa mwaka gani, watoto wa ndani, mtoto wa nje, na pembeni namba ya simu "kwa mawasiliano ya kifamilia." Msichana mmoja tunamjua sote, posa yake imepokelewa mwezi uliopita. Kitabuni imeandikwa talaka yake ya kwanza, ambayo upande wa mume hawakuwa wameambiwa bado. Walialikwa kwenye hitma. Walinunua nakala mbili.

Pale sikusikia mtu akicheka.

"Hili si la hakimiliki," akasema Mwalimu. "Talaka ni ukweli, na ukweli nimewaambia hauna mtunzi. Lakini kuna sheria nyingine, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na Kenya wanayo tangu 2019. Habari za mtu aliye hai zina mwenyewe: ni yeye. Wazungu wenye mazoea ya kupanga nasaba huficha walio hai. Mahali pao huandika 'yu hai' basi, mpaka mwenyewe aridhie."

"Sheria ya nini tena," akasema Mama Vitumbua. "Hata bila sheria. Wale matapeli wa simu wanaokwambia mjomba wako kalazwa tuma hela, mnadhani majina ya wajomba wanayaota? Huyu kawapa mjomba, shangazi, na namba. Kawatandikia na mkeka."

Nikajiuliza mwenyewe, na bado najiuliza: babu aliyekufa miaka mia iliyopita tunamtetea kwa hamaki zote, na binti aliye hai tunamkumbuka mpaka Mama Vitumbua avuke barabara?

*

Fundi lakini alikuwa bado na lake. Moto wa kiburi cha liwali haujamtoka. "Nakwenda COSOTA," akasema. "Nasajili daftari lote. Kisha barua ya mwanasheria. Anataka kunifuta mimi! Miaka mia ijayo watu watasoma wasijue kama nilikuwapo."

"Hapo umesema kweli kubwa," akasema Mwalimu, "kuliko hiyo ya barua." Akatukumbusha Kilwa. Iko tarikhi ya masultani wa Kilwa, nani kamfuata nani, nani mtoto wa nani. Nakala ya Kiarabu ilinakiliwa 1877, ikavuka bahari, leo ipo British Library, London, na Mwingereza mmoja, Strong, akaichapisha 1895. Aliyeitunga zamani zile alituachia tarehe yake ya kuzaliwa, mwaka 904 wa Hijra, yaani 1499. Lakini jina lake hatunalo. "Fikiri. Tunajua masultani wote aliowahesabu, tunajua hata siku mama yake alipojifungua. Jina lake halikufika."

"Unaona!" akasema Fundi.

"Sasa itazame Pate. Inasemekana kitabu chao cha asili kilipotea Witu, Waingereza walipoishambulia mwaka 1890. Kilichobaki kilikuwa kichwani mwa mzee mmoja wa ukoo wa Nabhani, Bwana Kitini. Akaja Mwingereza, Stigand, akamsikiliza, akachapisha kitabu chake 1913. Jina la jaladani ni Stigand. Lakini ndani kamtaja: haya nimeyapata kwa Bwana Kitini. Alice Werner naye alipochapisha habari hizo, jina la mzee lilikwenda nazo. Ndiyo maana mimi, mstaafu wa Ngamiani, leo nakutajia Bwana Kitini kwenye kahawa."

Muuza kahawa, ambaye asubuhi hufundisha madrasa, akaongeza lake huku akipuliza mkaa chini ya mdila. "Hata kwenye hadithi za Mtume ndivyo. Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Ukiukata mnyororo, maneno yakiwa matamu vipi, wanazuoni wanakunja uso."

Fundi akainuka kabisa, mikono hewani. "Ndiyo! Ndiyo maneno yangu hayo! Bwana Kitini katajwa. Mimi je? Mnyororo wangu je? Kaukata!"

Mama Vitumbua alikuwa anafuta mikono kwenye kanga. Hakupandisha sauti.

"Na shangazi yako je?"

"Shangazi yangu nini?"

"Mimi nilikuwa namkaangia vitumbua kila jioni, Mungu amrehemu. Alikuwa ananiambia, 'Nichagulie vya juu laini, nina mgeni wa maswali.' Mgeni mwenyewe wewe. Anakaa barazani anasuka ukili, wewe na daftari. Pangani umekwenda kwa sababu yeye kakwambia uende kwa nani. Pemba vilevile. Jina lake liko wapi humo daftarini?"

Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Kaunta buku lilikuwa kwenye mkoba wake wa kazi, pamoja na futi kamba na chaki. Akalitoa. Sote tulilijua lile daftari kwa nje. Ndani sikuwahi kulitazama. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili, kulikuwa na jina moja. La Fundi. Shangazi yake yumo, ukurasa wa 40 na kitu, mstari mmoja: kazaliwa, kaolewa, kafariki 2019.

Sitasema nani alisonya safari hii. Huenda ni mimi.

Maana jambo ndilo hili, na nimelala nalo usiku kucha. Sheria inauliza nani kaandika. Ni swali zuri, na kijana wa watu hana pa kulikimbilia. Lakini haiulizi nani kasimulia. Yule bibi wa ukili, mwenye kichwa kilichobeba watu wa vizazi vitano, kwake hakuna kifungu, kwa sababu yeye alisema tu, na majina aliyoyasema ni ukweli, na ukweli hauna mtunzi. Kijana kaukata mnyororo kwa Fundi, tukapiga kelele. Fundi alikuwa ameukata kabla, kwa wino wa bluu, na kijiwe kizima tulimwita mtafiti. Na nasaba ni nini basi, kama si mnyororo wenyewe? Orodha ya majina isiyosema imetoka kinywani mwa nani ni kitabu cha simu, na Kansas walishatuambia thamani yake.

"Huyu wa tano," Mwalimu akauliza kwa upole. "Ulipoandika saburi, ulikuwa umuulize nani?"

Fundi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya ukurasa. "Yeye. Alisema yupo mtoto wa tano, alifariki mdogo. Jina, akasema, liko hapa ulimini, litanijia kesho. Nikaandika saburi. Halafu ikawa Januari, sare za shule. Nikasema nikimaliza sare. Halafu zikaja kanzu za Idi." Akanyamaza. "Nikaenda kwenye mazishi."

Kwa hiyo mtoto yupo. Kilichokosekana ni jina, na jina lilikuwa kwa mtu mmoja duniani, na mtu huyo alikuwa mitaa mitatu tu kutoka kwenye cherehani. Ile amina yetu ya Jumamosi, sijui niihesabu vipi sasa. Nadhani ilimfikia mwenyewe, kwa anwani ya makosa.

Tulikaa. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Mwalimu akashauri taratibu: asiende kwa mwanasheria kwanza, ampigie kijana. Kitabu kirudi kiwandani, kurasa za walio hai zitoke leo kabla ya kesho, kisa cha mbuzi kiwekewe jina la Fundi au kitoke, na mbele kabisa, kabla ya babu yeyote, ziandikwe kurasa mbili za waliosimulia, kila jambo na mdomo lilikotoka. Na mahali pa mtoto wa tano iandikwe kama ilivyo: alikuwapo, jina halikupatikana.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyekuwa na salio. Akapiga, akaweka spika nje. Tukasogea, na Mama Vitumbua naye akasogea.

"Baba mdogo, shikamoo!" Sauti ya kijana ilikuwa ya furaha tupu, ya mtu asiyejua lolote. "Afadhali umenipigia. Nilikuwa nakutafuta. Watu wa Muheza wananisumbua, na mimi sijui niwajibu nini. Eti babu Saburi alizikwa wapi?"

Fundi akalitazama daftari mapajani. Akautafuta ukurasa wa 31, akaweka kidole chake cha sindano juu ya neno lile.

"Saburi," akasema. "Saburi, mwanangu. Nakuja."